Kisiki hai: kurudisha msitu bila kununua mche

Katika maeneo makavu kama Dodoma, Singida na Shinyanga, shamba linaloonekana halina mti hata mmoja mara nyingi lina msitu mzima chini ya ardhi. Mvua ya kwanza ikinyesha, visiki vinachipua. Mkulima anavifyeka ili apande, mbuzi anamalizia vilivyobaki, na mwaka unaofuata mambo ni yaleyale. Mzizi haujafa, ila haupewi nafasi. Njia ya kuupa nafasi hiyo ilienea Maradi, nchini Niger, kuanzia miaka ya 1980, na Dodoma watu wanaijua kwa jina la kisiki hai.

Faida yake juu ya kupanda miche ni mzizi. Mche wa kitalu unaingia ardhini na mzizi wa sentimita chache, na kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua mingi. Kisiki kina mzizi ulioshuka chini miaka mingi iliyopita, kwa hiyo chipukizi lake halihitaji kumwagiliwa hata siku moja.

Anza baada ya mavuno, kabla hujalima. Pita shambani ukiwa na kisu kidogo na vitambaa vya rangi. Kisiki usichokuwa na hakika nacho, kikwangue ganda karibu na ardhi: ukiona ubichi wa kijani na unyevu, ki hai, ukiona kahawia kavu, kiache kitumike kuni. Shambani mwa mazao, umbali wa mita 10 kutoka kisiki hadi kisiki unatosha, yaani miti kama 40 kwa ekari. Mwanzoni chagua zaidi ya hiyo, maana mingine itapotea. Pa malisho, au pale unapotaka msitu wenyewe, visiki vinaweza kukaribiana zaidi.

Changanya aina. Mkwaju na mng'ongo hutoa matunda, migunga hutoa maganda ya mbegu yanayoliwa na mifugo kiangazi, mninga hutoa mbao. Mpingo nao ukiuona uache, ingawa atakayeuvuna ni mjukuu wako. Mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, usiuchague kabisa hata ukichipua vizuri kuliko yote: unasambaa na kuziba malisho, wafugaji wa Baringo, Kenya, wanaujua.

Sasa kupogolea. Kisiki kimoja kinaweza kutoa chipukizi 20 au 30, na zote zikiachwa kinabaki kichaka kisichokua. Shambani acha chipukizi 1 hadi 3, kwenye malisho acha 3 hadi 5. Chagua iliyonyooka, nene, na iliyotokea chini kabisa, karibu na udongo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaacha chipukizi refu lililoota juu ya kisiki kwa sababu linapendeza, lakini hilo limeshikamana na ganda tu. Kisiki kikioza juu, upepo wa mwaka wa tatu au wa nne unalivunja. Zilizobaki kata kwa panga kali au msumeno, ukielekeza mkato kutoka chini kwenda juu ili ganda lisichanike.

Kwenye chipukizi ulizoacha, ondoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, usizidishe. Ukipogoa hadi karibu na kilele, shina linakuwa jembamba lenye kichwa kizito, linainama na kuvunjika. Matawi uliyokata yarundike kuzunguka kisiki. Yenye miiba ni bora, mbuzi hasogei. Kisha funga kitambaa kwenye shina. Usikidharau kitambaa hicho: kinamwambia mchungaji, jirani na mwenye plau kwamba mti huu una mwenyewe. Kifunge kwa kulegea, la sivyo shina likinenepa kitalikaba.

Rudi kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu kisiki kitaendelea kutoa chipukizi mpya pembeni. Baadaye mara moja kwa mwaka inatosha, na kila unachokata ni kuni au fito za nyumbani. Plau ipite mbali kidogo na kisiki isije ikakata mizizi ya juu.

Maadui wawili hawashindwi na panga: moto na mifugo. Moto wa Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, hurudisha chipukizi hadi ardhini. Mninga ni mfano mzuri: mche wake unaweza kufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga, na moto mkali unaurudisha nyuma kila mara. Fyeka na kukwangua njia ya moto kuzunguka eneo, mita 5 kwa uchache, na upana uongezeke pale nyasi zilipo ndefu. Iwe tayari kabla nyasi hazijakauka. Ikiwa ni lazima nyasi za nje zichomwe, zichomwe Mei au Juni zikiwa bado na ubichi, jioni upepo ukiwa umetulia, na baada ya kuujulisha uongozi wa kijiji.

Kwa mifugo, Wasukuma wana jibu la zamani: ngitili. Sehemu ya malisho inafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na wagonjwa. Shinyanga, ambako misitu mingi ilikuwa imefyekwa ikiwemo kwa vita dhidi ya mbung'o, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza mwaka 1986 kwa kufufua ngitili, na miti ikarudi bila kupandwa sehemu kubwa. Ukianzisha yako, igawe vipande vitatu au vinne na ufungue kimoja kimoja. Ikifunguliwa yote siku moja, inaisha ndani ya wiki chache na chipukizi zinaliwa pamoja na nyasi. Ngitili ya kijiji inahitaji sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri. Faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake haisimami. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga na kusimamia msitu wake, na haki hiyo inafaa kutumiwa mapema, kabla mnunuzi wa mkaa hajafika.

Maana atafika, na kumkataza kila mtu asikate kitu hakudumu. Msitu usioleta chochote nyumbani hauna mlinzi. Baadhi ya vijiji vya Kilosa vinavuna mkaa kwa mzunguko wa miaka 24: eneo la kuvuna linagawanywa kwa 24, na kila mwaka kinakatwa kipande kimoja tu. Kijiji chenye hekta 240 za kuvuna kinakata hekta 10 kwa mwaka, sawa na viwanja 40 vya mita 50 kwa 50. Viwanja hivyo vinapangwa kama bao la drafti, kimoja kinakatwa na cha jirani kinaachwa, ili mbegu na kivuli visiwe mbali. Ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chemchemi hapakatwi, wala kwenye mteremko mkali.

Kata kiangazi, akiba ya chakula ikiwa mizizini, ili mvua zikute kisiki kiko tayari kuchipua. Mkato uwe wa mshazari maji yateremke. Tanuri la mkaa lijengwe mahali palipowahi kuwa na tanuri, au kwenye uwazi usio na visiki. Joto lake linaua mizizi na mbegu zilizo chini, na ukilipanga juu ya visiki, visiki hivyo havitachipua tena.