Kuutoa wimbo kwenye rekodi za ubongo bila kujidanganya

Kabla ya kugusa kompyuta, jua unachofanyia kazi. Rekodi nilizotumia mimi zilitoka kwa wagonjwa 29 wa kifafa huko Albany, New York. Walikuwa wamewekewa elektrodi (vihisi vidogo vya umeme) juu ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao, wakakubali kusikilizishwa “Another Brick in the Wall, Part 1” wa Pink Floyd. Watafiti wa ubongo Ludovic Bellier, Robert Knight na wenzao walichapisha mwaka 2023 kazi ya kuujenga upya wimbo huo kutoka kwenye rekodi hizo, na data ziko wazi kwa watafiti. Zishike kwa heshima. Zimetoka vichwani mwa watu waliokuwa wakiumwa.

Usibebe elektrodi zote. Kati ya 2,668, zilizoitikia muziki ni 347 tu, nyingi zikiwa eneo la juu ya sikio. Baki na hizo.

Ukipata rekodi ghafi, ondoa kwanza mvumo wa umeme. Sisi mafundi sauti wa huku mkono unakwenda wenyewe kwenye 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), mvumo wa umeme wa kwetu. Marekani ni 60, na mwangwi wake wa 120 unaangukia katikati kabisa ya masafa unayoyatafuta, yaani 70 hadi 150 Hz. Pima nguvu ya masafa hayo mara 100 kwa sekunde. Wimbo nao ugeuze kuwa spektrogramu, yaani picha ya nguvu ya kila masafa kadiri muda unavyokwenda, ya mwendo huohuo. Kwa kila nukta ya sauti, ipe modeli (programu inayojifunza kukisia sauti kutoka kwenye ubongo) shughuli ya ubongo iliyofuata, hadi robo tatu ya sekunde, kwa sababu ubongo huitikia baada ya sikio.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo nilipoanguka. Nilichanganya nukta zote kama karata, nyingine za kufundishia, nyingine za kupimia. Wimbo ukatoka safi ajabu, nikampigia kaka yangu Mwanza asikilize. Usiku sikulala: gitaa lile linajirudia, na nukta mbili jirani zinakaribia kuwa kitu kimoja. Modeli ilikuwa imekariri wimbo. Ubongo haikuusoma.

Kwa hiyo kata kipande kizima cha sekunde 15, kifiche, na utupe sekunde chache kila upande wake. Kisha sogeza rekodi za ubongo mbele kwa dakika moja, zisiendane tena na wimbo, ufundishe upya. Muziki ukitoka bado, ujue hautoki kichwani mwa mtu.

Anza na modeli ya mstari, ile inayojumlisha tu kila ishara kwa uzito wake, halafu mtandao wa neva wenye tabaka mbili, modeli inayoweza kujifunza uhusiano mgumu zaidi. Huo wa pili hutoa sauti inayotambulika zaidi. Mwisho, spektrogramu haina fezi (mahali kila wimbi lilipo katika mzunguko wake), na bila hiyo huwezi kuirudisha kuwa sauti, hivyo kadiria fezi kwa Griffin-Lim, mbinu ya kukisia na kusahihisha, ukirudia mizunguko mingi.

Vaa spika za masikioni. Utasikia kama ngoma ya harusi ya nyumba ya tatu, madirisha yamefungwa: mdundo upo, sauti ya mwimbaji inapanda na kushuka, maneno yamefifia. Hiyo ndiyo sauti ya kweli. Usiisafishe.