Choo cha mgahawa ambacho mwenye kiti mwendo anaingia na mlango unafungwa: hatua nilizofuata

Nimeshasimamia vyoo vya migahawa mitatu sasa, wa mwisho ni wa dada mmoja hapa Dar anauza chakula cha mchana, na huyo ndo kanifanya nikae niandike maana kosa nililofanya kwake nimelilipia mwenyewe kwa siku mbili na nusu za kuvunja zege. Alinipigia baada ya mteja wake wa siku zote, mzee mmoja anatumia kiti mwendo, kuingia chooni akashindwa kufunga mlango, kiti nusu kimebaki nje, ikabidi mwanae asimame pale kashika kanga kama pazia huku watu wanakula. "Fundi, yule baba hajarudi tena," akaniambia. Basi.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, ila haikwambii choo kikae sentimita ngapi kutoka ukutani, kwa hiyo vipimo vingi hapa chini nimevitoa kwenye viwango vya Marekani na Uingereza halafu nikavijaribu na mtu.

Hatua ya 1: anzia barabarani

Usianzie chooni. Kama mlangoni kuna ngazi moja ya sentimita 15 na hakuna mteremko, hicho choo unamjengea nani? Mteremko ni 1 kwa 12, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka mita 1.8 ya kupanda. Ukiufupisha kiti kinarudi nyuma na mtu wake. Ukishaingia, kati ya meza acha sentimita 90.

Hatua ya 2: chaki

Azima kiti mwendo, chora chini, zungusha. Duara la mita 1.5 ndo linalotakiwa ndani ili mtu ageuke. Uingereza chumba chenyewe wanataka kisipungue mita 2.2 kwa 1.5. Wengi hapo wanasema eneo sina, lakini ukiangalia wana vyumba viwili vidogo vya choo vimebanana, vunja ukuta wa kati upate kimoja kikubwa. Na mimi napendelea kiwe cha wote, wanaume kwa wanawake, chenye mlango wake unaotokea ukumbini, sio kiwe ndani ya choo cha kike. Anayemsaidia mgonjwa mara nyingi ni mke wake, au binti na baba yake, sasa utawaingiza upande upi?

Hatua ya 3: mlango

Ufunguke kwa NJE au uwe wa kuteleza. Upenyo wa kupita uwe sentimita 90, na hapa sisemi fremu ya 90, maana unene wa mlango na bawaba vinakula, agiza mlango wa mita moja. Kitasa cha mkono wa kushusha, sio kile cha duara. Kwenye uso wa ndani wa mlango wenyewe weka bomba la kulala, usawa wa sentimita 85 hivi, mtu alivute mlango ufunge bila kugeuza kiti. Kizingiti hakuna.

Hatua ya 4: kukikalisha choo

Hapa ndo niliumia kwa hiyo soma polepole.

Katikati ya choo, yaani lile bakuli la kukalia, hadi ukuta wa pembeni, ule wenye bomba la kushikilia, inatakiwa sentimita 41 mpaka 45. Mimi nikamwambia fundi bomba atoe tundu la maji taka kwenye 42, nikaona niko salama. Tatizo ni kwamba 42 yangu niliipima kutoka kwenye tofali. Ikaja plasta, ikaja gundi, zikaja marumaru, ukuta ukasogea karibu sentimita 4 kuja kwenye choo, tukabaki na 38. Ukifunga bomba la kushikilia linakaa juu ya paja la mtu, kiwiko hakina pa kwenda. Kwenye macho haionekani kabisa, dada alikuja akasema pamependeza. Tulijua siku tumemwita mzee aje ajaribu na suruali yake, akahama kutoka kwenye kiti, akakaa, akajaribu kuinuka kwa kusukuma lile bomba, akacheka akasema "mwanangu, hapa umenifunga mkanda".

Tukavunja. Kwa hiyo pima kutoka kwenye ukuta ULIOISHA, na kama haujaisha gonga msumari, funga uzi pale marumaru zitakapofika, pima kutoka kwenye uzi. Na usinunue choo baada ya kuweka bomba la maji taka, nunua kwanza kiwe saiti, kwa sababu vingine tundu lake linatokea chini sakafuni na vingine linatokea nyuma ukutani, na hata vya chini havifanani umbali kutoka ukuta wa nyuma, fundi bomba atakwambia "vyote sawa tu bosi", havipo sawa.

Urefu nao. Kitako kiwe sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni, pamoja na kile kifuniko cha kukalia, sakafu ikiwa imeisha. Vyoo vingi vya dukani viko kwenye 40 hivi, mtu mwenye goti bovu anashuka kama anaanguka. Ukiamua kukiinua kwa zege chini, hilo zege lifuate umbo la choo kabisa lisitokeze, likitokeza vikanyagio vya kiti mwendo vinagonga na kiti hakisogei karibu. Mimi bora nizunguke Kariakoo siku nzima nitafute choo kirefu kuliko hiyo zege.

Upande wa pili wa choo, usio na ukuta, acha sentimita 90 tupu za kuegesha kiti. Tupu maana yake hakuna ndoo, hakuna kopo la taka, hakuna maua ya plastiki. Mkono wa kuvutia maji uwe upande huo huo.

Kuna watu wanahama kwa kushoto na wengine kwa kulia, kwa choo kimoja huwezi kuwaridhisha wote. Ukiwa na nafasi ya viwili, vigeuze.

Hatua ya 5: mabomba ya kushikilia

Moja ukuta wa pembeni, moja nyuma ya choo, usawa wa sentimita 84 hadi 91, na upande wa wazi lile la kukunja juu. Stenlesi, unene wa kukamatika mkononi, liache ukuta kwa sentimita 4. Tofali za matundu hazishiki boliti, weka alama mapema, matundu ya hapo yajazwe zege kabla ya plasta. Bomba la kuanikia taulo usiliweke, najua linafanana. Ukimaliza, lining'inie mwenyewe kwa uzito wako wote mbele ya mwenye mgahawa. Mimi nina kilo 92.

Hatua ya 6: maji

Kwenye shatafu vitabu vya wazungu vinakaa kimya. Shatafu ifungwe ukuta wa pembeni, mbele kidogo ya kitako, mtu akikaa ainyooshee mkono bila kujipinda. Mafundi wanapenda kuiweka nyuma karibu na tanki kwa sababu bomba lipo hapo, kataa.

Sinki lisiwe na kabati wala nguzo chini, magoti yaingie, ukingo wa juu usizidi sentimita 86. Koki ya mkono mrefu. Ukingo wa chini wa kioo usizidi mita 1 kutoka sakafuni.

Hatua ya 7: sakafu

Marumaru za kukwaruza, sio zinazong'aa. Mteremko kwenda kwenye tundu la maji sentimita 2 kwa mita, basi, ukizidisha kiti kinatembea chenyewe mtu akiwa anahama. Na rangi ya ukuta itofautiane na mabomba ya kushikilia, asiyeona vizuri ayaone.

Hatua ya 8: kengele

Kengele ya mlangoni ya betri inatosha. Kitufe kimoja usawa wa mkono, kingine chini karibu na sakafu maana aliyeanguka hafiki juu. Mlio uwe kaunta, sio jikoni, jikoni hawasikii.

Hatua ya 9: rudi bila kupiga simu

Nilirudi kwa yule dada baada ya wiki mbili. Mlango umefungwa, ufunguo kwa keshia. Kufungua, kreti nne za soda ziko pale pale kwenye zile sentimita 90, na fagio limening'inizwa kwenye bomba la kukunja. Tukazihamisha kreti mimi na yeye, fagio nikalipigia ndoano nyuma jikoni, kufuli nikaondoka nalo mfukoni.