Kabla ya Kuomba Ruzuku ya Serikali, Tenganisheni Pesa za Misiba

Ninafanya kazi ya uhasibu hapa Dayton, Ohio, na Jumamosi huwa napitia vitabu vya vyama vya Wakongomani, Warundi na Watanzania wanaotaka ruzuku ya serikali ya Marekani. Kila mwenyekiti huanza kwa kuniuliza nani atawaandikia andiko la kuomba ruzuku. Andiko lina siku yake. Mimi huomba nione daftari la mweka hazina.

Humo utakuta mistari ya namna hii, yote ukurasa mmoja: chakula cha mkutano, dola 64, mchango wa msiba wa Bukavu, dola 1,200, vitabu vya darasa la Kiingereza, dola 38, mkopo kwa mwanachama, dola 300. Na pesa zote zimepitia Cash App, ile app ya simu ya kutumiana pesa, ya mweka hazina mwenyewe. Kwa desturi zetu hakuna ubaya, watu wa kufa na kuzikana ndivyo tulivyo. Lakini ruzuku nyingi zinataka shirika lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi ya mapato, na hadhi hiyo hupewa shirika linalohudumia umma. Chama ambacho pesa zake nyingi zinasafirisha maiti za wanachama na kuwakopesha wenyewe kwa wenyewe kitakuwa na maswali ya kujibu.

Msiache kuzikana, jamani. Undeni kikundi cha misiba pembeni, kiwe na akaunti yake, daftari lake na viongozi wake. Shirika libaki na darasa la Kiingereza, watoto, na kuwapeleka wazee hospitali. Lifanyeni hili walau mwaka mmoja kabla ya kuomba, maana hesabu za mwaka uliopita zitaulizwa. Na hundi za shirika zisisainiwe na mume na mkewe, hata kama ndio waaminifu kuliko wote.

Ambao bado hawana hadhi hiyo: shirika dogo, ambalo mapato yake hayatazidi dola 50,000 kwa mwaka na mali yake haizidi dola 250,000, kwa kawaida linaweza kuiomba kwa fomu fupi, 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Waliokwisha kuipata wana mtego wao. Hata shirika lisilo na pesa linapaswa kupeleka taarifa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kila mwaka. Kwa madogo ni ile 990-N, ya kujaza mtandaoni kwa dakika chache. Ukiruka miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Ingieni kwenye tovuti ya IRS, tafuteni shirika lenu kwa EIN, yaani namba yake ya kodi, mjue mnasimama wapi.

Kisha SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, mnakopata UEI, namba ya utambulisho wa shirika yenye herufi na tarakimu 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, mwezi Aprili 2022. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati ya usajili wa jimbo, pamoja na lile "Inc." la mwisho kama lipo. Anwani iwe ya mahali halisi, sanduku la posta halikubaliki. Usajili ni bure. Anayewapigia simu akidai dola mia kadhaa anauza kitu mnachoweza kufanya wenyewe. Na ufunguo wa akaunti asiushike mtu mmoja, kwa sababu katibu akisafiri kwenda Bujumbura, simu inayopokea namba za siri imesafiri naye. Usajili kamili unahuishwa kila mwaka.

Kwa chama kichanga nashauri kuanzia ofisi za jiji au kaunti. Kuna fedha za CDBG, mpango wa serikali kuu wa kuendeleza jamii ulioanzishwa mwaka 1974, ambazo miji hugawia mashirika ya mtaani. Hapo mnapokea kupitia jiji, na kwa kanuni za serikali kuu UEI pekee inatosha, bila usajili wote wa SAM. Ushindani ni mkali: huduma za jamii kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi asilimia 15 ya fedha hizo.

Anzeni pia leo kuandika saa za kazi. Mama anayefundisha cherehani asubuhi na kupika kwenye sherehe ya chama jioni aandike saa za darasa peke yake, asaini. Bia haiingii kwenye bajeti ya serikali hata chupa moja, na burudani hivyo hivyo.

Mwisho ni pesa taslimu. Ruzuku nyingi za jiji ni za kurudishiwa: mnalipa kwanza, mnapeleka risiti, mnasubiri wiki kadhaa. Kama akaunti haiwezi kulipa mshahara wa mwalimu kwa miezi miwili bila msaada, ombeni kiasi kidogo, au mwulizeni ofisa wa jiji kuhusu malipo ya awali kabla mwenyekiti hajatia saini.