Majivu ya makaa ya mawe: ninavyoyashika kazini

Mimi ni mwashi hapa Ujiji. Mpwa wangu, anayechochea tanuri la makaa ya mawe huko kusini, aliniletea mifuko mitatu: "Mjomba, changanya na saruji, inashika." Inashika kweli. Ila yashike kwa adabu.

Makaa yana chembe za urani na thori, madini yanayotoa mnururisho, yaani miale isiyoonekana inayoweza kudhuru mwili. Yakiungua, kaboni hutoka na chembe hizo hubaki, kwa hiyo majivu huwa nazo mara kadhaa kuliko makaa yenyewe. Usitishike: kila mtu duniani hupata mnururisho wa asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa kama milisiveti 2.4 hadi 3 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mnururisho unaoupata mwili), na jirani wa mtambo wa makaa huongezewa kidogo sana. Kinachoumiza upesi ni vumbi. Ni laini kama poda ya mtoto. Ukilifinya hujaa kwenye mistari ya vidole.

Basi funga barakoa, simama upande upepo unakotoka, pasua mfuko taratibu huku ukinyunyiza maji. Usifagie makavu. Usijazie sakafu ya chumba cha kulala. Urani huzaa radoni, gesi yenye mnururisho, nayo hujikusanya palipofungwa. Chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, hewa ipite. Mabaki usimwage kisimani wala ziwani.