Kupima usomaji na mjadala wa mtandaoni kuhusu makala ya madini ya vimondo

Wanafunzi wa jiolojia hapa Dodoma wamekuwa wakiniuliza kila muhula jinsi ya kujua makala yao imesomwa kiasi gani, kwa hiyo naliweka jibu hapa mara moja. Tafadhali lisomeni lote.

1. Nakili namba ya DOI ya makala (kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni) kama ilivyo.

2. Kwenye ukurasa wa jarida, andika idadi ya waliofungua na waliopakua, pamoja na tarehe uliyoangalia.

3. Tafuta kwa DOI, wala si kwa jina la kimondo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kimondo cha Ivuna, kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938 katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, ndicho chenye herufi I katika jina la kundi la vimondo vya kaboni liitwalo CI. Na tangu chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta sampuli za asteroidi Ryugu mwaka 2020, watafiti wamekuwa wakilinganisha magnetaiti, dolomaiti na madini ya mfinyanzi ya pande hizo mbili. Ukitafuta "Ivuna" utaokota makala za wenzako na kuzihesabu kuwa zako.

Onyo: rasimu iliyowekwa wazi kabla ya mapitio ya wataalamu huwa na DOI yake. Iandikie safu ya peke yake, na usijumlishe vipakuliwa, kwa kuwa msomaji yuleyule anaweza kuwa amepakua zote mbili.

4. Ingiza DOI kwenye Altmetric, huduma inayofuatilia makala inavyotajwa mtandaoni na kuipa alama. Kwa kawaida habari ya gazeti hupewa uzito wa 8, blogu 5, na chapisho la X robo tu, hivyo alama 16 zinaweza kutokana na magazeti mawili. Fungua orodha ya waliotaja uisome; wengine hutaja bila kusoma.

5. Andika kando idadi ya wasomaji wa Mendeley (programu ya kuhifadhi na kupanga makala), kwani haiingii kwenye alama hizo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimepata alama 40. Ina maana watu 40 wamesoma?*

Hapana. Rudi hatua ya 4.

*Hatua ni nyingi. Huwezi kututafutia tu hizo namba?*

Siwezi. Hata DOI hukuiweka, na kazi hii haimalizi nusu saa.

*Shikamoo Mwalimu. Mtu akibofya mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua, anahesabiwa mara mbili?*

Marahaba, umeuliza jambo la msingi. Tovuti zinazofuata kanuni za COUNTER, yaani kanuni za pamoja za kuhesabu matumizi ya machapisho ya mtandaoni, huhesabu mibofyo miwili ya mtu mmoja kwenye kiungo kilekile ndani ya sekunde 30 kuwa mmoja, na huondoa pia ziara za roboti. Tovuti nyingine hazichuji hivyo, ndiyo maana hatulinganishi vipakuliwa vya jarida na vya hifadhi ya chuo. Ukiwa na muda, tazama pia fani za wasomaji wa Mendeley: utaona kama makala imewafikia wanaastronomia au imebaki kwetu wanajiolojia.

*Sisi tuliisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, mbona haionekani?*

Makundi hayo ni ya faragha, Altmetric haiyaoni.

*Nyongeza kwa wenzangu: mkimpa mwandishi wa habari muhtasari, mwekeeni kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, kwa maana habari isiyo na kiungo hupotea kirahisi.*

Ahsante, ndugu. Na kiungo hicho kikae ndani ya habari yenyewe, si kwenye picha.