Kabla ya Kuhamishwa na Mradi: Daftari la Kaya, Madai ya Fidia na Kuanza Upya Lamu

Mkisikia kwamba mradi wa barabara, bandari au upanuzi wa mji utapita kwenu, anzeni kuandika mali zenu kabla wathamini hawajafika. Tarehe ya mwisho ya kuhesabu ikishatangazwa, kilichojengwa au kupandwa baadaye hakilipwi, na kilichosahauliwa siku ile ni kazi ngumu kukirudisha.

Kila kaya iwe na daftari lake. Ukurasa wa kwanza ni wa watu: jina, nambari ya kitambulisho, umri, kazi. Mpangaji wa chumba cha nje aandikwe, na kijana anayesoma mbali pia. Mwanamke anayeshona makuti au kukaanga samaki aandikwe kwa jina lake na pato lake. Akiandikwa "mke wa fulani" tu, kazi yake haitafidiwa.

Nyumba ipimeni kwa futi, chumba baada ya chumba. Msiandike "nyumba ya makuti" mkaishia hapo. Andikeni ukuta ni wa mawe au wa udongo na fito, sakafu ni ya saruji au ya udongo. Miti ya mikoko ihesabiwe kwa korja (miti ishirini ishirini) na kwa daraja la unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kwa sababu kila daraja lina bei yake. Kisima, birika, choo, ua na banda la mbuzi mara nyingi hurukwa. Pigeni picha za kila kimoja, mwenyewe akiwa amesimama kando yake.

Miti ya shamba igawanywe kwa umri: miche, inayokua, inayozaa. Mnazi mrefu wa Pwani huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo anayelipwa bei ya mche mpya amepoteza mavuno ya miaka yote hiyo. Dai liseme hivyo waziwazi.

Kazi ya baharini ndiyo huleta ubishi mkubwa. Mthamini akija wakati wa Kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari imechafuka na mashua zimepandishwa ufukweni, ataandika pato dogo na kulifanya la mwaka mzima. Kila mvuvi aonyeshe mapato ya Kusi na ya Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, kwa kumbukumbu za samaki waliopimwa dikoni, pale mashua zinaposhushia samaki. Kamati ya usimamizi wa ufuo izitoe zikiwa na muhuri. Taja chombo, nyavu, malema (mitego ya samaki), na maeneo unayovua. Asikwambie mtu kwamba bahari haina hatimiliki basi haina fidia: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na Bandari ya Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76.

Kwa ardhi, Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya kinataka fidia ya haki, kamili, ilipwe bila kucheleweshwa, na kinaruhusu pia kumfidia aliyekaa kwa nia njema bila hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutoa notisi angalau siku 15 kabla ya kikao cha kusikiliza madai. Pelekeni madai kwa maandishi kabla ya siku hiyo au siku yenyewe, nakala yenu ipigwe muhuri. Kanuni za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Hakikisheni mstari huo umo kwenye hesabu mtakayopewa.

Familia nyingi hukwama kwenye mirathi. Hati bado ina jina la babu, wajukuu ishirini wanadai, basi fedha zinawekwa kwenye akaunti maalumu ya Tume mpaka mgogoro uishe. Nendeni kwa Kadhi mapema, warithi wajulikane na mafungu yao. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, fidia yake hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, kwa hiyo harakisheni usajili. Mali ya wakfu na makaburi zizungumzwe peke yake, msimamizi wa wakfu akiwepo, zisichanganywe na viwanja vya watu.

Fedha zikifika, ardhi kwanza. Fanyeni sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za umiliki, kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata arubuni, na mume na mke wote wajue akaunti. Boti na injini badala ya fedha ni msaada wa kweli ikiwa tu kuna fundi na vipuri karibu. La sivyo injini ikiharibika mara moja, mvuvi hubaki ufukweni.

Makao mapya yakaguliwe kabla ya kukubaliwa. Chimbeni kisima cha majaribio na maji yapimwe chumvi mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua, maana mvua huficha chumvi. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe ongezeni umbali, kwani uchafu hupita haraka kwenye nyufa. Ulizeni mvuvi atafikaje dikoni alfajiri na nani atalinda mashua usiku. Msihame masika: makuti mapya hayawezi kuezekwa vizuri mvuani.

Baada ya mwaka mmoja, kamati ya waliohamishwa irudie daftari kaya kwa kaya, ilinganishe pato la sasa na la zamani kwa msimu uleule. Palipopungua, malalamiko yaandikwe kwa mwenye mradi na kwa Tume, kaya ikitajwa kwa jina na pengo likitajwa kwa shilingi.