Ukitaka kuandika maisha ya mzee, anzia shambani

Babu yangu wa Rorya amekuwa mkulima maisha yake yote, na katikati hapo akawa mtangazaji wa redio, mzee wa Kanisa la Mennonite na mwenyekiti wa kijiji. Nilipoanza kuandika maisha yake nilivurunda karibu kila hatua. Kama nawe una mzee wa namna hiyo na bado anakumbuka, soma kabla hujanunua daftari.

Usianze kwa kumuuliza alizaliwa mwaka gani. Babu alinitajia mwaka mmoja asubuhi na mwingine jioni, tena kwa uhakika uleule. Nikakimbilia kitabu cha ubatizo nikidhani nimepata dawa. Wapi! Wamennonite hubatiza mtu aliyejitambua na kuamua mwenyewe. Ndilo jambo lililowagombanisha wazee wao wa imani na wakubwa wa Zürich, Uswisi, mwaka 1525. Babu ameandikwa 1963. Alikuwa na miaka kumi na mitano au ishirini na mitano? Kitabu hakisemi.

Shamba ndilo lililosema. Muulize alikuwa analima nini, upande gani wa kijiji, na nani alishika ng'ombe. Babu akajibu bila kufikiri: "Maji ya ziwa yalipopanda yakala mtama wa baba, mimi ndio kwanza nimeanza kushika plau, mikono inatoka malengelenge." Ziwa Victoria lilipanda haraka baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961. Kijana anayeanza kushika plau ana miaka kumi na minne, mitano hivi. Basi nikawa na pa kushika.

Tangu hapo pembeni mwa daftari naandika vigingi, yaani matukio ya kupimia miaka: wamishenari wa Mennonite kufika Shirati, hukuhuku Rorya, 1934 (hicho ni cha enzi za baba yake), Azimio la Arusha 1967, mwaka huohuo Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite nchini, halafu watu kuhamishiwa vijijini, halafu vita vya Kagera. Kila kisa nauliza: kabla au baada? Ulikuwa umeshaoa? Mihogo ilikuwa tayari?

Kuhusu kurekodi, nisikuchoshe. Saa mbili zangu za kwanza ni upepo wa ziwani mtupu, kwa sababu tulikaa chini ya mwembe tupate picha nzuri. Kaeni ndani. Weka simu juu ya kitenge kilichokunjwa ili meza ikigongwa isisikike. Mpe mzee kazi ya mikono. Babu akimenya mihogo ya udaga huongea mara tatu ya anavyoongea akikaa kitako kama anapigwa picha ya pasipoti. Na akikwambia zima, zima kweli, usijifanye umezima.

Redio ndiyo ngumu, maana maneno yalipita hewani yakaenda zake. Kwa babu ilianza 1973, kampeni ya Mtu ni Afya: kikundi kinakusanyika, kinasikiliza Redio Tanzania, kinasoma kitabu, kinajadiliana, kisha watu wanatoka kwenda kuchimba choo. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi. Anasema hapo ndipo alipojifunza kunyamaza baada ya kuuliza swali. Miaka mingi baadaye kituo kimoja cha huku kwetu kikampa kipindi cha kilimo, na kituo hakikutunza hata kanda moja.

Nyumbani nilipata kaseti moja, utepe umelegea, nikauzungusha kwa kalamu ya Bic. Ilikuwa kwaya. Mtu alirekodi nyimbo juu ya kipindi. Lakini kati ya wimbo wa tatu na wa nne pamebaki kama sekunde kumi, sauti ya babu akiwa bado na meno yote: "…mhogo wenye majani yaliyojikunja na madoa ya njano, usichukue mbegu hapo, hata kama ni shamba la mjomba." Nimeisikiliza labda mara hamsini.

Kwa hiyo watafute waliosikiliza. Usiwaulize kama walikipenda kipindi. Watakusifia tu, ni babu yako. Uliza: ulipomaliza kusikiliza ulifanya nini? Mama mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha alipong'oa mihogo yote iliyougua huku mumewe akimpigia kelele.

Uongozi nao una mtego wake. Mihutasari ya vikao imeandikwa na katibu aliyekuwa rafiki yake, na humo kila kitu "kimejadiliwa kwa kina na kuafikiwa". Nenda kwa walioshindwa. Mimi nilikwenda kwa mzee aliyenyang'anywa hatua kumi na mbili za mpaka katika shauri lililoamuliwa babu akiwa mwenyekiti. Jina lake siliandiki, na nawe usiandike majina kwenye mambo ya mipaka na ng'ombe; wajukuu wanaishi jirani.

Alinikaribisha kwa ubaridi. Hadi leo anasema hatua zile ni zake, na alinipeleka kunionyesha mkonge uliopandwa kwenye mpaka mpya. Nikaandika alivyosema, bila kumtetea babu. Nilipokuwa nafunga daftari akaniuliza kama nimeandika habari za kutawadhana miguu. Sikuwa nazijua. Akasema Jumapili iliyofuata hukumu ile ilikuwa ya Meza ya Bwana, siku Wamennonite wanapooshana miguu, naye alikaa benchi la nyuma kabisa makusudi. Mwenyekiti akamfuata na beseni hadi huko, akapiga magoti.

"Ukampa mguu?"

"Nilimpa mmoja," akasema.

Jioni nikamuuliza babu. Akaendelea kumenya. "Wa kushoto," akasema. "Andika na hilo."